Kutu ya ughaibuni, hasara ya Turkana: Dhamana ya gari huishia wapi?

MNUNUZI wa gari mjini Lodwar aghalabu hutazama rangi, matairi na jinsi injini inavyonguruma. Ni nadra alale chali mchangani ili alichungulie gari tumboni. Ilhali huko chini, kwenye chasisi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, ndiko kutu hujificha.

Suala hili laweza kuonekana dogo katika kaunti inayopambana na ukame, njaa na uhaba wa maji. Si dogo hata kidogo. Katika wadi ya Kerio Delta, mashariki mwa Lodwar, pikapu moja au gari moja la abiria ndilo humfikisha mgonjwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti na mchuuzi wa samaki sokoni. Chasisi ikikatika katikati ya njia ya mchanga, abiria huweza kusubiri msaada kwa saa nyingi, iwapo watakuwa wamenusurika.

Swali ni rahisi: nani anapaswa kugharimia kutu hiyo? Watengenezaji wa magari duniani wameahidi kwa maandishi kwamba watalipa. Tatizo ni kwamba ahadi hiyo haifiki Kerio.

Ahadi na masharti yake

Gari jipya linapouzwa barani Ulaya au Marekani, mnunuzi hupewa dhamana ya kutu iliyo tofauti na dhamana ya injini na vipuri. Volkswagen na Toyota zimekuwa zikiahidi wateja wao wa Ulaya miaka 12. Nchini Marekani, Toyota huahidi miaka mitano bila kujali kilomita ambazo gari limetembea.

Ahadi hizo zina masharti mazito. Kinacholipiwa ni bati lililotobolewa na kutu kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu ya kasoro ya malighafi au ya kazi ya kiwandani. Madoa ya juu juu hayahesabiwi. Kutu iliyoanzia kwenye mkwaruzo wa jiwe au kwenye ajali iliyorekebishwa ovyo haihesabiwi pia. Baadhi ya watengenezaji hutaka gari liwe limekaguliwa na mawakala wao katika vipindi vilivyowekwa, na kila ukaguzi uwe umeandikwa kitabuni.

Zaidi ya hayo, dhamana nyingi hutaja bati la bodi pekee. Chasisi, ambayo ikivunjika huua, mara nyingi haimo.

Kasoro hiyo ndiyo iliyozua mgogoro mkubwa nchini Marekani. Wamiliki wa pikapu aina ya Toyota Tacoma walilalamika kwamba chasisi zilikuwa zikiliwa na kutu kupita kiasi. Mwaka wa 2008 kampuni hiyo iliongeza dhamana ya kutu ya chasisi kwa Tacoma zilizoundwa kati ya 1995 na 2000 hadi miaka 15. Iliahidi pia kuyanunua magari yaliyoharibika vibaya kwa mara moja na nusu ya thamani yake.

Mambo hayakuishia hapo. Mnamo 2016, kufuatia kesi ya pamoja ya wateja, kampuni ilikubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, yakihusu magari takriban milioni 1.5 ya aina za Tacoma, Tundra na Sequoia. Magari yangekaguliwa, na yale yaliyopatikana na kutu mbaya yangewekewa chasisi mpya bila malipo. Kampuni haikukiri kosa lolote.

Funzo la kisa hicho liko wazi. Mtengenezaji alilipa kwa sababu wateja walikuwa na sheria, mawakili na wingi wa sauti. Lakini mapatano yenyewe yalihusu magari ya Marekani na maeneo yaliyo chini yake pekee. Dhamana ina mipaka ya nchi kama pasipoti ilivyo na mipaka yake.

Safari ya kutu hadi Turkana

Idadi kubwa ya magari madogo nchini Kenya huingia yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Katika Hokkaido, Tohoku na maeneo mengine yenye theluji nchini humo, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu hadi chini ya gari, ikaingia kwenye viungo na ndani ya mihimili ya chasisi. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo maradufu.

Wajapani wenyewe hawaifichi hali hii. Katika minada yao ya magari, mkaguzi hujaza karatasi ya kasoro ambapo herufi S humaanisha kutu na herufi C humaanisha kutu ambayo imeanza kula chuma. Mwagizaji aliye Mombasa au Nairobi anaweza kuidai karatasi hiyo. Mnunuzi wa tatu aliye Lodwar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini, kwa kawaida haioni.

Serikali ya Kenya imeweka lango. Kanuni ya ubora ya KS 1515, inayosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na hutaka likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Hilo ni jambo jema. Majirani wetu wa Uganda, kwa sheria ya 2018, waliweka kikomo cha miaka 15.

Hata hivyo, umri na kutu ni vitu viwili tofauti. Gari la miaka saba lililoishi kwenye chumvi laweza kuwa bovu kuliko la miaka 12 lililoishi pakavu. Isitoshe, cheti cha ukaguzi husema kwamba gari lilifaa siku ile lilipokaguliwa. Hakimwahidi mtu chochote kuhusu miaka itakayofuata.

Likifika Turkana, gari hukutana na hali yenye kuhadaa. Hewa ni kavu, hivyo kutu huenda polepole, na wengi huamini kwamba kutu ni maradhi ya Mombasa. Lakini jeraha lilikuja nalo. Njia zenye mawimbi ya changarawe hulitikisa gari bila kukoma, na chuma kilichopungua unene hupasuka. Mvua zikinyesha, magari huvuka makorongo yenye tope, nalo tope hilo huganda ndani ya mihimili na kuhifadhi unyevu. Magari yanayosomba samaki waliotiwa chumvi kutoka ufuoni mwa Ziwa Turkana huongezewa chumvi nyingine juu ya ile ya Japani.

Hapo ndipo mafundi wa jua kali huitwa. Wengi wao ni stadi. Lakini kipande cha bati kikichomelewa juu ya chuma kilichooza, kisha kikapakwa rangi nyeusi, hakiiponyi chasisi. Huificha tu hadi mnunuzi mwingine apatikane. Waliosema chovya chovya humaliza buyu la asali huenda walikuwa wakiitazama kutu.

Sheria ipo, mlalamishi hayupo

Je, mnunuzi wa Turkana hana kimbilio? Analo, ila ni jembamba.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 31, humlazimu mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani kuuza kitu chenye ubora wa kuuzika. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hubatilisha maneno ya mkataba yanayojaribu kuufuta wajibu huo. Kwa hivyo yadi inayoandika kwenye risiti kwamba "mali ikiuzwa hairudishwi" haijajikinga kama inavyodhani.

Lakini Sura ya 31 ina mtego. Mnunuzi akilikagua gari kabla ya kununua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Aliyezunguka gari mara mbili na kupiga teke tairi atasikia hoja hiyo mahakamani. Aidha, wajibu huo humbana mwenye biashara ya magari. Haumgusi jirani anayeuza gari lake moja, na ni vigumu kuutumia dhidi ya asasi inayojiondolea magari yake makuukuu kwa mnada.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kakuma. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe mwaka wa 1992, magari ya mashirika ya misaada yamekuwa sehemu ya mandhari ya huko. Gari la shirika au la serikali likichoka hupigwa mnada, na kwa kawaida huuzwa jinsi lilivyo na mahali lilipo. Anayelinunua ili abebe abiria hununua pia yote yaliyo chini yake.

Hatua zinazowezekana

Kwanza, wanaonunua magari mapya, zikiwemo idara za kaunti, shule na hospitali, wasiendeshe gari hata siku moja kabla ya kupata dhamana ya kutu kwa maandishi. Waulize kama chasisi imo, ni miaka mingapi, na ni wakala yupi anayekubalika kufanya ukaguzi. Kitale iko takriban kilomita 300 kutoka Lodwar. Dhamana inayodai gari lifikishwe mbali zaidi ya hapo kila baada ya miezi michache inafaa kujadiliwa upya kabla ya sahihi kutiwa.

Pili, kutu ikionekana, mmiliki apige picha zenye tarehe, aandike barua kwa muuzaji na kubaki na nakala. Asimruhusu fundi kuchomelea kabla ya jibu, kwa sababu ukarabati wa nje huweza kuizika haki yake.

Tatu, anayenunua gari lililotumika amwite fundi asiye na uhusiano na muuzaji, alale chini na agonge chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya gunia. Adai pia karatasi ya mnada wa Japani, na maneno ya muuzaji kwamba chasisi ni nzima yaandikwe kwenye mkataba. Kesi isiyozidi Sh1 milioni yaweza kusikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, pale ilipoanzishwa, ambako mlalamishi huruhusiwa kujitetea bila wakili. Mamlaka ya Ushindani nayo hupokea malalamishi dhidi ya wanaopotosha wateja.

Nne, na hili ni la serikali, KEBS iagize kwamba ripoti ya hali ya chasisi iambatane na gari hadi kwa mmiliki wa mwisho, kama kitabu cha usajili kinavyoambatana nalo. Mashirika na idara zinazopiga magari mnada nazo zitangaze kasoro za chasisi zinazozijua. Hakuna gharama kubwa katika kusema ukweli.

Gari laweza kupakwa rangi likang'aa kama jipya, na usione vyaelea, vimeundwa. Mama anayeabiri pikapu Kerio alfajiri akiwa na kapu la samaki na mtoto mgonjwa hana muda wa kuchungulia uvunguni. Walioliuza gari hilo kutoka mnada wa Japani hadi yadi ya Lodwar walikuwa nao.