Kifungu cha 15 na bosi wako

Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Waraka ule ulibeba mambo mazito ya ulinzi, ukombozi na uchumi, lakini wafanyakazi wengi wa viwandani Dar es Salaam walikwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha 15, kile kinachomkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na udhalimu. Wakakishika barabara. Meneja akimtukana mtu mbele ya wenzake, mashine zinazimwa, watu wanatoka nje, na wakiulizwa kulikoni wanataja kifungu.

Mwaka 1972 wapo waliowafungia mameneja wao nje ya lango. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walikitwaa kiwanda chenyewe wakakiendesha. Issa Shivji alizieleza habari hizi katika kitabu chake cha 1976, Class Struggles in Tanzania, na Pascal Mihyo naye aliziandika. Uvumilivu wa wakubwa haukudumu. Baadhi ya waliotaka kuiga mfano wa Mount Carmel waliishia mikononi mwa polisi, na kazi wakazikosa.

Nimeanza na mambo ya zaidi ya miaka hamsini iliyopita kwa kuwa toleo hili linahusu ari ya kazi, na kila mada hiyo inapotajwa tunaletewa majibu ya dukani. Anakodiwa mhamasishaji mwenye kipaza sauti cha shavuni. Zinachapwa fulana zenye nembo. Linaandaliwa bonanza Jumamosi, wahasibu wanavuta kamba na madereva, mkurugenzi anapiga penalti na kipa anajua la kufanya. Sina ugomvi na bonanza. Nyama choma ni nyama choma. Ila Jumatatu mtu anarudi kwenye kiti kilekile chenye mguu uliovunjika na kwa msimamizi yuleyule asiyeitikia salamu. Wale wa mwaka 1971 walikuwa na mishahara midogo, na waliidai iongezwe. Lakini kilichowatoa nje ya lango, mara nyingi, kilikuwa namna walivyosemeshwa.

Msomaji atasema, mhariri, kwanza mshahara. Nakubaliana naye, tena bila kuumauma maneno. Heshima hailipi kodi ya nyumba wala haimpeleki mtoto shule. Mei Mosi ya 2025, kule Singida, ilipotangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, zile shangwe uwanjani hazikuwa za kuigiza. Gazeti au mwajiri anayewahubiria watu upendo wa kazi huku akiwalipa ujira usiofika tarehe 15 anajidanganya. Hata hivyo, kumbukeni mwaka 2022. Mwezi Mei ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 kwa kima cha chini. Walio juu ya ngazi hiyo nao wakapiga hesabu zao kwa asilimia hiyohiyo, na mshahara wa Julai ulipoingia simu zikawaka moto. Fedha zilikuwa zimeongezwa, lakini watu walibaki na kinyongo, kwa sababu maelezo ya nani anapata kiasi gani hayakuwafikia mapema wakayaelewa. Shilingi ileile ingeweza kupokewa kwa moyo mwingine kabisa.

Tuseme basi mshahara umelipwa, tena kwa wakati. Kinachobaki kinaamuliwa na mtu mmoja, naye ni msimamizi wa karibu: mkuu wa kitengo, sista wa zamu, mwalimu mkuu, supavaiza wa sakafuni. Waziri yuko mbali, na mkurugenzi wengine humwona kwenye picha tu. Huyu wa karibu ndiye anayeamua kama sheria itakufikia au itabaki kwenye karatasi.

Chukua mfano wa mama aliyerudi kutoka likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84, na akirudi inamruhusu kutumia hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha mtoto. Hakuna mwajiri anayeikana sheria hiyo. Bosi mwenyewe atamwambia, “Mama, wewe saa tisa kamili ondoka.” Saa nane na nusu anamletea jedwali la kurasa sita: “Hili nilipate kabla hujatoka.” Mtoto yuko Mbagala, mama yuko Posta, na maziwa yameanza kulowesha blauzi. Anaingia stoo, anajibanza kati ya maboksi ya karatasi na fotokopi mbovu, anakamua huku mguu mmoja umezuia mlango kwa sababu kitasa hakifungi. Chupa anaifungia kwenye mfuko mweusi kabla ya kuiweka kwenye friji la ofisi, asije mtu akauliza. Kesho yake anasikia wenzake wakisema siku hizi fulani amekuwa mvivu. Mama huyu anahitaji kitasa na mkubwa anayejua kuangalia saa, na vyote viwili havihitaji kusubiri bajeti ya mwaka wa fedha ujao.

Orodha ya mambo ya namna hii ni ndefu, na kila msomaji ana yake. Wapo wanaonunua bando kwa fedha zao ili watume ripoti ya ofisi, kisha wanaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini imechelewa. Wapo wenye likizo ya siku 28 ambayo kila mwaka inaahirishwa “kwa maslahi ya kazi”. Yupo muuguzi anayekosa glavu halafu anabeba lawama za ndugu wa mgonjwa. Huyu wa mwisho ukimpeleka semina ya kutabasamu kwa wateja unamtukana.

Kuna wanaoamini dawa ni hofu. Baada ya 2015, enzi za kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu na kutumbua majipu, kweli tulizoea kukuta watu mezani saa moja na nusu asubuhi, na wananchi wengi walifurahi kuhudumiwa mapema. Hilo lisemwe wazi. Lakini hofu ina mwendo wake ofisini. Mtu aliyeogopa hafanyi uamuzi. Anaandika “kwa maelekezo zaidi” na jalada linapanda ghorofani. Wa juu naye anaogopa, analirudisha “kwa ushauri wako”. Mwananchi anaambiwa aje Alhamisi. Wote wamewahi kazini, wote wamesaini daftari la mahudhurio, na kazi haijafanyika.

Nchi hii haikukosa vyombo vya kumsikiliza mfanyakazi. Zamani mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri ambayo bosi aliiandika peke yake. Ungeweza kukosa cheo miaka mitano bila kujua uliandikwa nini. Mwaka 2004 ukaja mfumo wa upimaji wa OPRAS, uliotaka msimamizi na mtumishi wakae pamoja, wakubaliane malengo, wakutane tena katikati ya mwaka. Wazo lilikuwa zuri sana. Tunajua ilivyokwenda: fomu zilijazwa kwa mkupuo wiki ya kupandishwa madaraja, malengo yakinakiliwa ya mwaka jana. Sasa tuna mrithi wake, PEPMIS, kwenye kompyuta, na kazi za mtu zinaonekana kwenye skrini. Naitakia heri. Ila mfumo hauwezi kumvutia mtu kiti ukamuuliza nini kinamkwamisha, na msimamizi aliyeshindwa kukaa na mtu mbele ya karatasi atashindwa pia mbele ya skrini.

Chombo kikongwe zaidi, na ninachokitilia mkazo katika toleo hili, ni baraza la wafanyakazi. Msingi wake ni Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, yaani mabaraza yalikuja kabla ya Mwongozo. Yapo mpaka leo katika taasisi za umma. Hukutana zaidi bajeti inapokaribia. Wajumbe wanasafiri, wanapata posho, bango linatundikwa ukutani, mgeni rasmi anafungua kwa kuwataka watumishi wachape kazi kwa bidii, uadilifu na weledi. Baada ya chai bajeti inapita.

Muhtasari wa kikao una ajenda ambayo wengi huifunua haraka: yatokanayo na kikao kilichopita. Huko ndiko ukweli wa taasisi uliko. Mjumbe aliuliza kuhusu sare za walinzi, jibu, linashughulikiwa. Kikao kinachofuata akauliza tena; linaendelea kushughulikiwa. Cha tatu hakuuliza, na mwenyekiti akaandika kwamba hoja imefungwa. Haikufungwa. Ilihamia kantini, huko ikageuka majungu, na siku moja mkubwa atashangaa kwa nini watu wake hawamwambii kitu. Walimwambia, na kwenye muhtasari imo.

Sekta binafsi hata baraza hilo mara nyingi hawana. Wana tawi la chama cha wafanyakazi pale lilipoweza kufunguliwa, na sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao yuleyule anayelalamikiwa. Na wafanyakazi wa nyumbani hawana hata sanduku.

Na kila mwaka, zikibaki wiki chache kufika Mei Mosi, tunaingia kwenye kumtafuta mfanyakazi hodari. Nampongeza kila anayepata, na natumaini amelipwa fedha yake badala ya kuahidiwa. Lakini kumsifu mmoja kwa siku moja ni kazi nyepesi. Jengo lina watu mia mbili, na ari ya hao mia na tisini na tisa waliobaki inategemea walivyojibiwa Jumanne asubuhi walipogonga mlango.

Kwa hiyo ninyi mnaoongoza vikao, ombi langu ni dogo na halina kasma. Baraza lijalo anzeni na yatokanayo kabla ya bajeti. Kila swali lililoulizwa lipate jibu lenye tarehe na jina la anayehusika, na kama jibu ni hapana, lisemwe hapana pamoja na sababu yake. Watu wazima wanaweza kuipokea. Nanyi wafanyakazi wenzangu, nakala ya muhtasari ni haki ya mjumbe wenu: mwambieni aubandike ubaoni. Mkituandikia yaliyojibiwa na yaliyozikwa tutayachapa katika toleo lijalo, na asiyetaka jina lake litajwe aseme hivyo juu ya barua, tutalihifadhi.