Wagonjwa wa ini wanaacha dawa kwa sababu hatuwaambii ukweli

Goma. Mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi, na ambaye leo analala na watoto wake kwa ndugu ya mume wake, alinionyesha kikopo cha dawa iitwayo tenofovir. Kilikuwa bado na zaidi ya nusu ya vidonge. Anaumwa hepatiti B, na ini lake limekwisha kuwa na makovu. Alikuwa na majuma sita bila kumeza kitu.

Kwa nini? «Nilisikia kichefuchefu na uchovu. Jirani akaniambia dawa hii inaharibu figo. Nikaenda kumuuliza muganga, akanijibu: Mama, meza tu.»

Meza tu! Ndugu msikilizaji, maneno hayo mawili ndiyo ninayapinga leo.

Jirani hakusema uongo. Tenofovir inaweza kuumiza figo za baadhi ya wagonjwa, na ikimezwa miaka mingi inaweza kupunguza nguvu ya mifupa. Kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuharisha na uchovu huwapata wengine, mara nyingi mwanzoni, kisha vinapungua. Wagonjwa wengi wanaimeza miaka na miaka bila shida kubwa. Hayo yote yameandikwa katika karatasi inayokuja na dawa. Basi kwa nini mgonjwa ayasikie kwanza sokoni, kwa mtu anayemtisha, kuliko kwa muganga anayemtibu?

Na kuna jambo ambalo jirani hakulijua, na muganga hakulisema. Dawa hii haimalizi virusi vya hepatiti B mwilini, inavizuia visizaane. Ukiiacha ghafla, virusi vinaweza kuamka na ini likavimba kwa nguvu. Kwa mtu mwenye sirosi, maana yake ini lililojaa makovu, hiyo inaweza kuwa njia ya kaburini. Yule mama alikimbia hatari ndogo inayoweza kupimwa, akaenda kwenye hatari kubwa ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Najua jibu litakalotolewa. Waganga ni wachache, wengine hawalipwi, na mstari wa wagonjwa unafika barabarani. Ni kweli. Lakini kumwambia mtu «usiache dawa, na ukiona hivi urudi» kunachukua dakika mbili. Wengine watasema raia akisikia madhara ataogopa na kuacha. Mbona huyu hakuambiwa, na ameacha? Ukweli ukifichwa, uvumi unachukua nafasi yake.

Tusiwabebeshe waganga peke yao mzigo huu. Figo zinachunguzwa kwa kipimo cha damu kiitwacho kreatinini. Mgonjwa apimwe kabla ya kuanza tenofovir, kisha arudie kupimwa kila baada ya muda. Figo zikidhoofika, kipimo cha dawa kinapunguzwa au anapewa dawa nyingine. Mwenye sirosi, hasa yule ambaye tumbo limejaa maji, anahitaji kufuatwa kwa karibu zaidi. Je, mhamaji anayekula mara moja kwa siku atalipa vipimo hivyo kwa feza gani?

Hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Tenofovir hiyohiyo imo ndani ya kidonge wanachopewa bure wenye virusi vya sida. Ni vizuri wanapewa bure, wasipunguziwe hata kimoja. Lakini mwenye hepatiti B pekee anaambiwa aende farmasi na feza mkononi. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza mwaka 2024 kwamba dawa hii inaweza kununuliwa kwa dola 2,4 hivi kwa mwezi kwenye soko la dunia. Hiyo si bei ya dhahabu. Kinachokosekana ni wakubwa kuamua.

Matokeo yake tunayaona. Watu wanagawana vidonge na ndugu mwenye sida, na wote wawili wanaumia: mmoja anapungukiwa dawa, mwingine anameza bila kupimwa. Na kama naye ana virusi vya sida bila kujua, kumeza tenofovir peke yake kunaweza kuvizoesha virusi hivyo dawa.

Kambi za Bulengo na Lushagala zilipobomolewa Februari 2025, watu walitawanyika kila upande. Tangu hapo misaada inahesabu kolera, surua na malaria, na ni haki ihesabu. Lakini ini linakufa polepole, bila kelele, na mgonjwa wake haonekani katika hesabu.

Tunaomba mambo matatu. Wakubwa wa afya na mashirika waweke dawa ya hepatiti B na kipimo cha kreatinini katika misaada ya bure. Kila mgonjwa apewe karatasi yenye jina la dawa yake, ili akikimbia tena aionyeshe popote atakapofika. Na waganga waseme madhara kwa lugha tunayosikia, siku ya kwanza ya dawa.

Nawe ndugu mgonjwa, usiache dawa kwa neno la jirani, wala kwa neno langu. Rudi ulipoandikiwa, uliza kreatinini yako, uliza kama umepimwa virusi vya sida. Usijiongezee diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu, maana zinaumiza figo zilezile. Kanyanga na kasiksi uziache kabisa. Ukiona macho ya manjano, miguu au tumbo kuvimba, mkojo kupungua, kutapika damu, choo cheusi au akili kuchanganyikiwa, usingoje kesho.

Yule mama alirudi kwa muganga mwingine, akapimwa, akaanza tena dawa. Aliniambia: «Kama wangenieleza, nisingeacha.» Wakubwa wa afya, mmesikia?