Mama Mkwe Anasahau: Dawa Moja, Mbili au Mseto?

Leo naomba wewe na mwenzio msome hii pamoja, maana ni mada inayoweza kununisha ndoa kuliko hata ile ya simu yenye namba ya siri.

Tuseme nyie ni wanandoa wa Dar, wote mnafanya kazi. Mama mzaa mume yuko Nyalikungu, pale Maswa mkoani Simiyu. Wifi anapiga simu: mama kauliza swali lile lile mara nne asubuhi moja, kaweka chumvi kwenye chai, na juzi kapotea akitoka sokoni, njia aliyoipita miaka thelathini. Mume anasema ni uzee tu. Mke kaperuzi kwenye simu, kaona habari za dawa mpya za kuchanganya, anataka mama aletwe mjini kesho. Hapo ndipo kasheshe linapoanza.

Kwa mume: kusahau ulipoweka miwani, sawa, ni uzee. Kupotea njia ya kwenda kwako mwenyewe, hapana. Kuna utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, matokeo yakatoka 2013. Walipimwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, na 78 kati yao walikutwa na demensia. Kwa hiyo tuache kusema ni ugonjwa wa Wazungu.

Kwa mke: bibie, dawa zipo, ila tuelewane zinafanya nini. Neno mseto sote tunalijua. Malaria tunaitibu kwa mseto, TB vivyo hivyo, na ARV nazo ni dawa kadhaa ndani ya kidonge kimoja. Sababu ni kwamba adui ana milango mingi, ukifunga mmoja anapitia mwingine. Watafiti wa ubongo wamejaribu mantiki hiyo hiyo. Kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio demensia inayoonekana zaidi, ubongo unapungukiwa na kemikali ya asetilikolini, na donepezili inazuia kile kidogo kilichobaki kisivunjwe haraka. Kemikali nyingine, glutamati, inazidi na kuzisumbua seli, na memantini inapunguza hayo makelele. Mwaka 2014 Marekani iliruhusu kidonge kimoja chenye zote mbili, kinaitwa Namzaric.

Je, mbili ni bora kuliko moja? Hapa wataalamu wenyewe wamegongana. Utafiti wa Marekani wa 2004, wagonjwa 404 kwa wiki 24, ulionyesha waliopewa memantini juu ya donepezili walikuwa na hali nafuu. Utafiti wa Uingereza wa 2012, wagonjwa 295, haukuona mseto ukiipita donepezili peke yake kwa kiasi cha maana. Ila walioendelea na donepezili walikuwa afadhali kuliko walioachishwa. Mimi nasoma hivi: dawa hizi zinampa mama muda fulani wa kuvaa mwenyewe na kukutambua, ila ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Na zina maudhi yake, kichefuchefu, kuharisha, kizunguzungu, hata mapigo ya moyo kwenda polepole.

Zile mpya za kwenye habari, kama lekanemabu iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani 2023, zilianza kama dawa za kutundikiwa dripu, na zinataka vipimo vya MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kwenye majaribio ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18, tena kwa walio hatua za mwanzo. Sasa wanajaribu kuiunganisha na dawa inayolenga protini nyingine, tau. Na 2025 watafiti wa California walichanganya dawa mbili za saratani, letrozoli na irinotekani, panya wakapata nafuu ya kumbukumbu. Nawapongeza, lakini panya si mama mkwe.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi, mama aanzie hospitali ya wilaya pale Maswa, na ikibidi apewe rufaa Bugando, Mwanza. Apimwe presha, sukari, damu, tezi ya shingo, na aangaliwe kama ana sonona, maana baadhi ya kusahau kunatibika kabisa. Presha hasa msiifanyie mchezo. Viharusi vidogo vidogo vinaweza kuleta demensia yake vyenyewe, na vidonge mseto vya presha viliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019. Huo ndio mseto ambao mimi ningeuulizia kwanza.

Halafu fungueni mkoba wa mama. Piriton anayomeza kila mafua yakimjia, na amitriptilini aliyopewa apate usingizi, zote zinaibana ile ile asetilikolini ambayo donepezili inaitetea. Yaani mkono mmoja unajenga, mwingine unabomoa. Dawa za kienyeji nazo mtajieni daktari, bila aibu.

Akianzishiwa donepezili, kubalianeni na daktari muda wa kuitazama, tuseme miezi sita, na mambo mawili matatu ya kuangalia: anaoga mwenyewe? Anawajua wajukuu? Kama hakuna nafuu, daktari ndiye aamue kuipunguza, siyo nyie kuikata ghafla kwa sababu hela ya mwezi huu imeenda kwenye ada. Kule Hai kuna kitu walikijaribu bila kidonge chochote: wazee wenye demensia wanakaa kikundi, wanaongea mambo ya zamani, wanacheza, vikao 14 kwa wiki saba. Matokeo ya 2017 yalionyesha kumbukumbu na wasiwasi vilipata nafuu. Ndugu zangu wanaume, mnaona nani atampeleka huko? Mara nyingi anaachiwa mke au wifi, na hakuna aliyemuuliza. Muulizeni, na mumlipie nauli.

Na la mwisho haliwezi kungoja miezi sita. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mama anayezurura usiku na kuongea peke yake yuko kwenye hatari hiyo. Daktari akishautaja ugonjwa, mume apande basi mwenyewe, akae na mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote, awaambie jina lake, na awaachie namba ya simu ya kupiga wakimkuta mama njiani.