Gari la nyumbani likimisi: pima kwanza, spea baadaye

Gari la familia likianza kutikisika na kukosa nguvu, mzazi hufikiria bei kabla ya kufikiria ubovu. Kwa nyumba nyingi za Mtwara, fedha ya korosho imeshapangiwa ada, sare na chakula. Fundi anasema, "Mama, tujaribu koili." Inanunuliwa, gari linabaki vilevile. "Basi tujaribu pampu." Baada ya majaribio matatu ada imeliwa na gari bado linamisi.

Njia ya nafuu ni kuanza na vipimo visivyo na gharama, kisha vya bei ndogo. Hakuna spea inayonunuliwa kabla ubovu wake haujathibitishwa.

Sikiliza gari linamisi lini

Kabla ya kwenda gereji, mzazi aandike kwenye simu mambo manne: ubovu ulianza lini, hutokea injini ikiwa ya baridi au ya moto, ni kwenye silensa au mlimani, na ni nini kilifanyika siku chache kabla yake. Majibu hayo humwokolea fundi muda wa kubahatisha.

Gari likitikisika kwenye silensa na kutulia ukikanyaga mafuta, huenda kuna hozi ya hewa iliyopasuka au throto imejaa uchafu. Likiwa zuri mjini lakini likachoka likipanda Newala kutokea Masasi, mshukiwa ni mafuta kutofika ya kutosha, chujio lililoziba, au masega ya ekzosi yaliyoziba. Ubovu ukianza mara tu baada ya kujaza mafuta, hasa ya kwenye madumu njiani, mafuta yenyewe ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, tatizo linaweza kuwa klachi au gia boksi. Gari likiwa zito na ringi moja ikawa ya moto kuliko nyingine, breki imeng'ang'ania.

Kumbuka pia kwamba Passo ya cc 1000 ina silinda 3 tu, hivyo mtetemo mdogo kwenye silensa ni kawaida yake.

Vya kuangalia bila kulipa

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua boksi la chujio la hewa. Gari linalopita barabara za vumbi kuelekea Kilambo au kwenye mchanga wa Msimbati huziba chujio mapema kuliko kitabu kinavyosema. Angalia hozi za hewa kama zimepasuka au kuchomoka.

Kisha tazama vichwa vya betri, waya wa ethi na soketi za koili. Hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu ya kijani kwenye shaba, na soketi yenye kutu huweza kuifanya koili nzima ionekane mbovu. Mara nyingi kusafisha na kubana vizuri kunatosha.

Plagi na koili

Plagi hueleza mengi. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, silinda inaunguza vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikilowa oili, kuna oili inayopita isipotakiwa. Oili ikiwa imejaa kwenye shimo la plagi kwa juu, mara nyingi gasketi ya kifuniko cha juu cha injini ndiyo inayovuja, na hiyo si spea ya kutisha.

Taa ya injini ikiwa imewaka, lipia kupimwa kwa mashine na uombe kuandikiwa namba inayotokea. P0300 maana yake injini inamisi bila silinda maalumu. P0302 maana yake silinda ya 2. Namba hiyo inaonyesha mahali, haisemi ununue nini.

Kwa gari kama IST, ambalo kila silinda ina koili yake, fundi azime injini, ahamishe koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3, afute namba na gari liendeshwe tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, fanya hivyohivyo kwa plagi, kisha nozeli ipimwe. Kuchomoa koili injini ikiwa inaunguruma kusiruhusiwe, kwa sababu umeme wake ni mkali.

Kabla ya kuambiwa "injini imekufa"

Omba kipimo cha kompresheni cha silinda zote. Zikiwa zinakaribiana, usikubali haraka kununua injini ya mtumba. Moja ikiwa chini sana, fundi amimine kijiko cha oili kwenye silinda hiyo na kupima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shaka ni vavu au gasketi ya silinda hedi. Familia itajua ukubwa wa gharama kabla ya injini kufunguliwa.

Lini usiendelee na safari

Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usimame mahali salama. Mafuta yasiyoungua huingia kwenye masega, yakayapasha moto kupita kiasi na kuyaharibu. Usiegeshe juu ya majani makavu. Harufu ya petroli ndani ya gari ni sababu ya kuzima na kuwashusha watoto. Ekzosi inayovuja ni hatari vilevile, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu. Watoto wasikae ndani ya gari linalounguruma kwenye banda lililofungwa.

Na gari linalomisi lisitegemewe usiku kumpeleka mtoto mgonjwa Ligula. Hadi litakapopona, namba ya bodaboda au ya jirani mwenye gari iwe kwenye simu ya baba na ya mama.

Kazi ikiisha, dai spea ya zamani na uandike kilichopimwa na tarehe. Siku gari likimisi tena, fundi ataanzia pale palipoishia.