Anuani ya barua pepe iwe mali ya mfanyabiashara

MFANYABIASHARA anayehama kampuni moja ya intaneti kwenda nyingine kwa kawaida huangalia mambo mawili: bei na kasi. La tatu hulikumbuka siku mteja wake wa miaka mingi anapopiga simu kuuliza kwa nini barua zake hazijibiwi.

Kampuni nyingi za intaneti zilizoea kumpa mteja anuani ya barua pepe yenye jina la kampuni hiyo baada ya alama ya @, na wapo wanaoitumia anuani ya namna hiyo hadi leo. Imechapishwa kwenye ankara, kwenye mihuri, kwenye mifuko ya bidhaa, hata ubavuni mwa gari. Lakini si mali ya aliyeichapisha. Mkataba ukikoma kampuni inaweza kuifunga, na barua zinazoendelea kutumwa huko humrudia mtumaji au hupotea kimya kimya.

Kwa upande wa simu, tatizo hili lilikwishapata dawa. Kenya ilianza mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017, kumruhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba. Barua pepe haikuingizwa katika utaratibu huo. Ni kweli kwamba jina lililo baada ya @ ni la kampuni, hivyo haliwezi kuhamishiwa kwa mshindani wake. Hata hivyo, hilo halizuii kampuni kumfikishia mteja aliyeondoka barua zake kwa miezi sita, kwa ada ndogo ikibidi. Mamlaka za mawasiliano zingefanya jambo la maana kulidai hilo katika masharti ya leseni.

Hasara yake si ndogo. Chukua mfano wa mkulima wa Muheza anayekusanya iliki na pilipili manga za wenzake na kumuuzia mnunuzi wa Dubai. Mazungumzo ya bei yanaweza kuishia kwenye WhatsApp, lakini oda, ankara kifani na nakala za hati za mzigo hupita kwenye barua pepe. Akibadili anuani katikati ya msimu, mnunuzi ana kila sababu ya kuingiwa na hofu, kwa kuwa matapeli hutumia mbinu hiyo hiyo: huandika kwa jina la muuzaji kutoka anuani mpya, kisha huomba fedha zitumwe kwenye akaunti nyingine ya benki. Mnunuzi mwangalifu atasimamisha malipo. Asiye mwangalifu siku moja atamlipa tapeli, na mkulima abaki anadai.

Dawa ya kudumu ni biashara kusajili jina lake yenyewe, kama yale yanayoishia na .co.tz au .co.ke, kupitia wakala aliyeidhinishwa. Jina hilo huelekezwa kwenye kampuni yoyote inayotunza barua. Mwenye nalo akihama, hubadilisha maelekezo hayo tu, na anuani hubaki ile ile, kama vile S.L.P. isivyobadilika duka linapohama mtaa.

Hapa pia wapo wanaoumia. Chama cha ushirika humwachia kijana aliyewatengenezea tovuti asajili jina kwa jina lake mwenyewe, na siku akigombana nao huondoka nalo. Usajili uwe kwa jina la chama, na ada yake ya kila mwaka iwekwe kwenye bajeti, kwani jina lililoachwa bila kulipiwa linaweza kuchukuliwa na mwingine, na barua za wateja zikaanza kumfikia yeye.

Mwenye duka la pembejeo asiye na haja ya jina lake anaweza kutosheka na anuani ya bure, Gmail au Yahoo, ambayo haitegemei nani anamuuzia intaneti. Aifungue mara kwa mara. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Nywila isibaki kichwani mwa karani mmoja.

Kwa yule ambaye tayari anatumia anuani ya kampuni, kosa kubwa ni kukata huduma kwanza na kufikiri baadaye. Mkataba wa zamani uendelee miezi miwili au mitatu, barua zielekezwe kwenye anuani mpya, na za zamani zipakuliwe kwenye kompyuta, maana zile zinazosomwa kwenye tovuti ya kampuni tu zitafutika pamoja na akaunti. Benki na ofisi ya kodi zipewe anuani mpya mapema, kwa sababu ujumbe wa kubadili nywila hutumwa kwenye ile wanayoijua. Na mnunuzi wa Dubai apigiwe simu, kutoka namba aliyoizoea, kabla barua ya kwanza ya anuani mpya haijamfikia.