Mtoto Akililia Wembe, Mfundishe Kwanza

Wasee, kuna methali moja imenichosha. "Mtoto akililia wembe, mpe." Wazee huitoa wakicheka, maana yake mwache ajikate, damu itamfunza. Na sahii naona methali hiyo imepata kazi mpya mtandaoni: imekuwa kozi nzima ya kunyoa ndevu.

Mnazijua hizo video. Jamaa kifua wazi, taa hafifu, mziki mzito. Anafungua wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, anaupitisha shingoni mara tatu, uso unang'aa. Chini yake maandishi: mwanaume halisi hutumia wembe halisi. Ukiuliza mtu anaanza aje, unaambiwa nunua, jaribu, utajikata mara kadhaa, utazoea. Ati kovu ndiyo cheti.

Mimi napinga. Sipingi wembe. Huo wembe nimejifunza na ninanyoa nao kila Jumapili. Ninachopinga ni tabia ya kumpa kijana kitu chenye makali, kumnyima mafunzo, halafu damu yake tunaiita ukomavu.

Jiulize: wewe nani alikufundisha kunyoa? Wengi wetu hakuna. Baba alinyamaza, mjomba alicheka. Bwenini kwetu wembe mmoja ulikuwa unazunguka kitanda hadi kitanda usiku wa kuamkia ukaguzi. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kwamba damu kidogo kwenye makali, hata ile huioni, inaweza kubeba hepatitisi B, na kwamba virusi vya ukimwi navyo huweza kupita kwa wembe wa kushirikiana. Tuliambiwa tu, "kesho nisione ndevu." Hiyo ndiyo "mpe wembe" ikifanya kazi. Mtoto alipewa, na hakuna aliyekuwa na habari naye tena.

Sasa turudi kwa huu wembe wa kukunja, kwa sababu kuna vitu hizo video hazisemi.

Kwanza, makali yake hayajitunzi. Kabla ya kila kunyoa unaupitisha kwenye ukanda wa ngozi, mgongo wa wembe ukitangulia, mara thelathini hivi au zaidi. Ukitanguliza makali, unakata ukanda na unaharibu wembe. Baada ya miezi kadhaa unahitaji kunolewa kwa jiwe, na hiyo ni kazi ya mtu anayejua. Zile nyembe za bei ya kutupa zinazong'aa kwa picha, nyingi ni chuma tu chenye umbo la wembe. Hazishiki makali. Unavuta ndevu badala ya kukata, unaongeza nguvu, na hapo ndipo unajichana.

Pili, mkono. Lainisha ndevu kwanza kwa maji moto na povu. Laza wembe, uinue kidogo tu kutoka kwa ngozi, kama nyuzi 30. Ukiusimamisha, unakata. Ukiulaza kabisa, unavuta. Usikandamize, uzito wa wembe unatosha. Hatua fupi fupi, na kamwe usiuburute kwa upande kama kisu cha mkate. Wiki za kwanza nyoa mashavu tu, kidevu na juu ya mdomo umalizie na kile ulichozoea. Mimi nilikaa mashavuni mwezi mzima kabla ya kugusa shingo. Hakuna video ya sekunde thelathini inayoweza kukuonyesha mwezi mzima, na ndiyo maana hawakuonyeshi.

Tatu, na hii ndiyo inaniudhi zaidi: mafunzo mengi yanayosambazwa yametengenezewa nywele zilizonyooka. Wanasema vuta ngozi ikaze kabisa, nyoa kufuata uelekeo wa ndevu, kisha kwa upande, kisha kinyume. Buda, ndevu zetu nyingi zimejikunja. Ukizikata chini kabisa ya ngozi, zinapokua zinajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani. Unapata vipele, usaha, alama nyeusi shingoni. Jeshi la Marekani limekuwa likitoa vibali vya kidaktari vya kutonyoa kwa sababu ya tatizo hili, na wengi wanaovihitaji ni askari weusi. Hawa ni watu wenye nidhamu ya kijeshi, na bado vipele viliwashinda. Kwa hivyo usimwambie kijana wa Kayole shida yake ni uzembe.

Wembe mmoja una faida hapo, nakubali. Vile vifaa vya plastiki vya nyembe tatu hadi tano vinauzwa kwa ahadi ya kukata karibu zaidi: wa kwanza unavuta unywele, unaofuata unaukata ukiwa umevutwa, kisha kishina kinarudi chini ya ngozi. Ile "karibu zaidi" tunayoilipia ndiyo inatuletea vipele. Lakini hata huu wembe mmoja, ukipita kinyume mara tatu na ngozi imekazwa kama ngoma, unafika palepale. Kwetu sisi: pita mara moja, fuata uelekeo, nyoosha ngozi kiasi tu isikunjamane. Kubali kubaki na vishina kidogo. Na kama vipele vimekuzidi, weka nyembe zote chini, tumia mashine na uache ndevu fupi, na uone daktari wa ngozi. Uanaume wako hautapungua hata gramu moja.

Najua jibu linakuja. Mtasema tunadekeza vijana, kwamba babu zetu walijifunza bila maelezo marefu. Hiyo si kweli. Kinyozi wa zamani alikuwa na mwalimu. Alifagia nywele, akapaka watu povu, akaangalia mkono wa fundi siku nyingi kabla ya kuaminiwa na koo la mteja. Na mbona hakuna mtu husema mtoto akililia matatu, mpe? Kwa matatu tunajua gharama. Kwa uso wa kijana wa miaka 16 tunaona ni mchezo.

Mimi niliacha chuo kikuu, na wiki haiishi kabla mtu hajanikumbusha. Sawa. Lakini sijaacha kuamini kufundishwa. Digrii ni kitu kimoja, na mtu mzima kukaa kando yako akisema "punguza nguvu, geuza mkono" ni kitu kingine. Hicho cha pili ndicho vijana wengi mtaani hawajawahi kupewa, kwa kunyoa na kwa mambo mazito zaidi ya kunyoa.

Kwa hivyo kama una mdogo wako nyumbani ameanza kuota ndevu, usimrushie pakiti ya nyembe umwambie apambane. Simama naye kwenye kioo dakika kumi. Mwonyeshe ndevu zake zinaelekea wapi, maana shingoni huwa zinageuka. Mwambie wembe haukopeshwi, hata kwa ndugu. Akienda kinyozi, aone wembe mpya ukifunguliwa mbele ya macho yake, na wakikataa, aondoke. Akitaka ule wa kukunja baadaye, awe na ukanda wake, subira yake, na mtu wa kumtazama mkono.

Na wewe wa taa hafifu na mziki mzito, ukipost tena, tuonyeshe shingo yako siku tatu baadaye.