Mpigaji Mtulivu au wa Fujo? Uliza Tangi la Maji

Ukifika Kasikeu mwezi wa Agosti, kila boma linapiga hesabu moja: maji yaliyobaki kwenye tangi na siku zilizobaki hadi mvua ya Novemba. Ukioga kama uko Westlands, Septemba utabeba mtungi. Ukibania kila kikombe hadi mvua ikupate na tangi limejaa, umejitesa bure. Mimi niliacha chuo na sijasomea ukocha, lakini hesabu hiyo nilifunzwa na susu wangu mapema.

Sasa twende nayo kwa kriketi.

Kenya ikipoteza, wasee hubishana yale yale: tuweke wapigaji watulivu wanaolinda wiketi, ama hawa wa fujo wanaotafuta sita kila mpira? Naona tunauliza vibaya. Mechi ya siku moja inakupa mipira 300 na wiketi 10. Wiketi ni maji yako, mipira ni siku zako. Kazi ni vyote viishe pamoja.

Kumbuka Pune, India, Februari 29, 1996, Kombe la Dunia. Kenya ilipata mikimbio 166 pekee. West Indies walihitaji mitatu na kidogo kwa kila ova, kazi ya kutembea tu. Brian Lara akatoka na 8, timu nzima ikaisha kwa 93, na ova zaidi ya 14 hazijachezwa. Tangi kavu, mvua bado.

Sasa geuza. Oktoba 2025, Harare, nusu fainali ya Afrika ya kufuzu Kombe la Dunia la T20. Huko mipira ni 120 tu, lakini wiketi bado ni 10, kwa hivyo maji ni mengi na siku ni chache. Kenya ikamaliza na 122, wiketi nne zikiwa mkononi. Zimbabwe wakaipita mapema, Brian Bennett akipiga 51 kwa mipira 25. Hapo sisi ndio tulibania maji hadi mvua ikanyesha.

Najua utasema, "Lakini Afridi!" Sawa. Oktoba 4, 1996, hapa Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi alifikisha 100 kwa mipira 37, rekodi iliyodumu hadi 2014. Lakini siku hiyo hiyo Saeed Anwar naye alipata 115. Afridi aliwasha moto kwa sababu kuna mtu alikuwa na nyumba.

Na majirani zetu Uganda? Guyana, Juni 2024, wakitafuta 78 dhidi ya Papua New Guinea, walipoteza wiketi tano wakiwa na 26. Riazat Ali Shah akatulia, akapata 33 kwa mipira 56. Kwa T20 hiyo ni mwendo wa kobe, lakini Uganda ilishinda.

Timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 ilipoteza hadhi ya mechi za siku moja za kimataifa 2014. Kupanda tena kunataka wachezaji wanaojua kusoma tangi. Kwa hivyo, mpigaji akiingia uwanjani, usiulize kama ana nguvu. Uliza: maji yamebaki ngapi, na mvua iko wapi?